Kuupokea mwaka mpya ng'ambo ya mpaka, mbali na foleni

Usiku wa Desemba 31, saa sita inapotimia Katuna upande wa Uganda, hatua chache mbele, Gatuna upande wa Rwanda, bado ni saa tano. Uganda inafuata saa moja na Kenya na Tanzania. Rwanda, kama Burundi na Malawi, iko saa moja nyuma. Kwa muda wa saa nzima, watu wawili wanaoweza kuonana kwa macho wanakuwa katika miaka miwili tofauti.

Wafanyabiashara wa mipakani wanaifahamu saa hiyo kwa adha zake. Ndiyo inayomfanya mtu akose basi, au ampigie mteja simu kabla hajaamka. Wachache wamewahi kuitumia kwa raha, yaani kukaa mahali penye hewa safi wakauaga mwaka mmoja na kuukaribisha mwingine bila kuhesabu magunia.

Hali hiyo haiko Katuna peke yake. Desemba ni mwezi wa mavuno kwa anayeuza nguo, mchele, mafuta ya kula, vitunguu na kuku. Mzigo unapita kila siku hadi mkesha wa Krismasi. Baada ya hapo soko hupoa ghafla, wateja huwa wamekwisha kutumia fedha zao, na wiki ya mwisho ya mwaka hubaki bila kazi kubwa. Wengi huimaliza wiki hiyo kibandani wakisubiri wateja wasiokuja. Kisha Januari hufika na ada za shule na kodi ya pango, na mwaka huanza kabla mwili haujapumzika.

Mfanyabiashara wa Taveta anayajua madirisha yote ya Holili na sura za maofisa wanaoketi nyuma yake. Anayepitisha mzigo Malaba anajua foleni ya malori inapoanzia na inapoishia. Lakini ziwa lililo nyuma ya kilima, au maporomoko yaliyo mwendo wa saa chache kutoka hapo, amesikia tu habari zake, na mara nyingi ameamini kuwa ni mambo ya wazungu.

Dhana hiyo ndiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitaka kuivunja ilipozindua kampeni ya Tembea Nyumbani, Desemba 2021, wakati watalii wa mabara mengine walipokuwa wamepungua kwa sababu ya korona. Wananchi wa nchi wanachama walihimizwa kutembelea vivutio vya nchi zao na vya jirani. Anayevuka mpaka kila wiki ana nafasi nzuri ya kuitikia wito huo kuliko mtu wa mjini, kwa sababu njia anaijua na hati anazo.

Sehemu tano zifuatazo ziko karibu na njia ambazo wafanyabiashara wanazitumia tayari. Hakuna inayohitaji ndege, na usiku mmoja au miwili unatosha.

Ziwa Chala: Maji yaliyogawanywa na mpaka

Kilomita chache kaskazini ya mji wa Taveta, kwenye barabara inayoelekea Oloitokitok, kuna kilima ambacho mpita njia anaweza kukiona cha kawaida. Akikipanda hadi ukingoni, huona ziwa chini yake, limezungukwa na kuta za mawe zenye kimo cha mita 100 hivi. Hilo ni Ziwa Chala, lililojaa ndani ya shimo la volkano. Maji yake mengi hupita chini kwa chini kutoka Mlima Kilimanjaro, na rangi yake hubadilika kati ya buluu na kijani kadiri jua linavyosogea.

Mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya ziwa hilo, juu ya maji. Hakuna uzio na hakuna dirisha la uhamiaji. Anayeketi ukingo wa mashariki yuko Kenya, na ukuta anaoutazama mbele yake uko Tanzania. Nyuma ya ukuta huo, asubuhi na jioni mawingu yanapofunguka, Kilimanjaro yenye mita 5,895 inaonekana wazi.

Kwa wanaouza na kununua katika soko la Taveta, lenye siku kuu za Jumatano na Jumamosi, hapa ni mahali pa kufika alasiri baada ya kufunga hesabu. Kuna sehemu za kupiga hema na za kulala pande zote mbili. Tahadhari ni moja: haifai kuogelea. Mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba katika ziwa hili. Njia ya kuteremka majini nayo ni kali, na mvua ikinyesha huteleza. Uzuri wa Chala ni wa kutazama kutoka juu, na kwa anayetafuta ukimya, kutazama kunatosha.

Lushoto: Baridi ya milimani

Anayetoka Holili kwenda Dar es Salaam au Tanga kuchukua mzigo hupita Himo, Mwanga, Same na Hedaru hadi Mombo. Hapo Mombo, abiria wengi hushuka kununua matunda kisha hurudi ndani ya basi. Kushoto kwao, barabara nyembamba ya lami hupanda Milima ya Usambara kwa kilomita 33, ikipinda kona baada ya kona kando ya mto, hadi Lushoto.

Wakoloni wa Kijerumani waliuita mji huo Wilhelmstal na wakaufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani. Hewa yake ndiyo ile ile hadi leo. Anayetoka Mombo na shati la mikono mifupi huvaa sweta kabla ya jua kuzama. Nyumba za wageni ni nyingi, kuanzia gesti za kawaida karibu na stendi hadi nyumba za misheni zenye bustani.

Mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu kutoka mjini kuna Irente, ambako mlima unakatika ghafla. Msafiri husimama juu ya jabali na kuona barabara kuu aliyopita, mashamba ya mkonge na nyika ya Wamasai, vyote vikiwa chini yake sana. Asubuhi ya Januari 1, kabla ukungu haujapanda, ni vigumu kupata mahali palipotulia kuliko hapo. Upande mwingine kuna msitu wa Magamba kwa anayependa kutembea kivulini.

Kwa mfanyabiashara, Lushoto ina faida ya pili. Kabichi, karoti, hoho, peasi na matunda mengine ya nchi za baridi hutoka kwa wakulima wa Kisambaa kwenye miteremko hiyo. Aliyezoea kununua kwa madalali wa mjini anaweza kuzungumza na mkulima shambani na kujua bei inapoanzia.

Shida ni usafiri. Mwisho wa mwaka, familia nyingi za Kichaga hurudi Moshi kula sikukuu, na mara baada ya mwaka mpya huteremka Dar es Salaam kwa pamoja. Mabasi ya njia hiyo hujaa kwa siku kadhaa. Anayekusudia kushuka Lushoto baada ya Januari 1 na kuendelea na safari hana budi kukata tiketi yake mapema, la sivyo atajikuta Mombo kando ya barabara, akiyapungia mkono mabasi yasiyosimama.

Sipi: Maji na kahawa juu ya Mbale

Malaba ni jina la foleni. Lakini anayevuka hapo, akapita Tororo hadi Mbale, kisha akaingia barabara ya lami inayopanda kwenda Kapchorwa, hufika Sipi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mto mmoja huanguka mara tatu, na poromoko lililo kubwa kuliko yote lina kimo cha mita 100 hivi. Kelele za maji husikika usiku kucha, na wengi waliolala huko husema ndizo zilizowapa usingizi.

Desemba na Januari mvua hupungua, hivyo njia za miguu kati ya poromoko moja na jingine hukauka. Vijana wa kijiji huwaongoza wageni kwa malipo, na ni vyema kukubaliana bei kabla ya kuanza kutembea. Njia hizo hupita katika mashamba ya watu, na kiongozi ndiye anayejua pa kuomba hodi.

Huko ndiko inakolimwa kahawa ya arabika ya Elgon, na katika majira haya uvunaji unaelekea mwisho. Wenyeji, Wasebei, huwaonyesha wageni jinsi buni inavyomenywa, inavyokaangwa na kutwangwa kwenye kinu, hadi kikombe kinapofika mkononi. Jioni, jua huzama juu ya tambarare pana zilizo chini ya mlima, na hakuna muziki wa baa unaoshindana nalo.

Bunyonyi: Ziwa lililongoja mpaka ufunguliwe

Kutoka Katuna hadi mji wa Kabale ni kilomita 20 hivi. Kutoka Kabale, bodaboda hupanda kilima, ikateremka upande wa pili, na mbele hutokea Ziwa Bunyonyi. Jina lake hufasiriwa kuwa mahali pa ndege wadogo wengi. Lina visiwa 29, na vilima vinavyolizunguka vimekatwa matuta ya kilimo kutoka majini hadi kileleni. Liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku ni wa baridi na blanketi moja halitoshi.

Kwenye gati la Rutinda, mitumbwi ya magogo hufika na viazi, maharage na ndizi kutoka visiwani na vijiji vya ng'ambo. Mgeni hupanda boti ya injini, au mtumbwi wa kasia kama hana haraka. Wenyeji huogelea, kwani ziwa halina mamba wala viboko. Hata hivyo kina chake ni kirefu karibu na ukingo, na asiyejua kuogelea asikubali kupanda chombo chochote bila jaketi la kujiokolea.

Visiwa vyenyewe vina habari zake. Bwama ndicho kisiwa ambacho daktari mmisionari Leonard Sharp alifungua makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Siku hizi kuna shule. Akampene ni kipande kidogo cha ardhi ambako, katika zama zilizopita, wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe kwa njaa au maji. Mwanamume asiye na mahari aliweza kwenda kumchukua mmoja wao akamfanya mke. Waongoza mitumbwi hupunguza mwendo wanapopita hapo.

Lakini kwa wafanyabiashara, habari kubwa ya Bunyonyi ni ya juzi tu. Mwishoni mwa Februari 2019, Rwanda ilifunga kituo cha Gatuna kwa mizigo, uhusiano wake na Uganda ulipoharibika. Malori yalielekezwa njia ya Kagitumba na Mirama Hills, na raia wa Rwanda wakazuiwa kuvuka kwenda Uganda. Katuna, mji ulioishi kwa wapita njia, ulikauka. Maduka yalifungwa, vyumba vya kulala wageni vikabaki vitupu, na aliyekuwa akiuza chai kwa madereva akarudi kulima. Kisha ikaja korona.

Mpaka ulifunguliwa tena Januari 31, 2022, karibu miaka mitatu baadaye. Kwa muda wote huo ziwa lilikuwa pale pale, vilima vilikuwa na matuta yale yale, na ukimya ulikuwa mwingi kuliko ilivyopaswa. Mtu wa Kigali aliyezoea kufika kwa saa chache hakuweza kulifikia, na mwenye mtumbwi hakuwa na wa kumvusha.

Anayeketi leo ukingoni mwa Bunyonyi usiku wa mwaka mpya anaonja jambo ambalo miaka michache iliyopita halikuwezekana. Raha ya mahali kama hapo hutegemea barabara iliyo wazi na majirani wanaosemezana. Somo hilo halijaisha wakati wake: Januari 2024 Burundi ilitangaza kuifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Kabla ya kulipia chumba popote, la kwanza la kuuliza ni hali ya mpaka wiki hiyo.

Matema: Mchanga, mlima na vyungu

Kusini kabisa, mfanyabiashara anayepitia Kasumulu kati ya Tanzania na Malawi anaijua Kyela kwa mchele wake. Njia ya Ipinda humpeleka hadi Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambako Milima ya Livingstone husimama wima kando ya maji na mchanga hutandaa chini yake. Kuna nyumba za kulala wageni ufukweni, zikiwamo za makanisa, na ziwa huonekana kutoka kitandani.

Ng'ambo kidogo, katika kijiji cha Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono. Vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo, Jumamosi, na kutoka hapo huenda mbali. Mgeni anayefika kupumzika anaweza kurudi na bidhaa, ilimradi aifunge vizuri kwa majani makavu.

Msimu huu mvua za Kyela huwa zimeanza, na mchana mmoja unaweza kuwa wa jua na wa radi pia. Kabla ya kuingia majini, mgeni awaulize wavuvi, hasa karibu na midomo ya mito ambako mamba huonekana. Na kama ilivyo Katuna, anayevuka kurudi Malawi usiku huo hupata saa moja ya ziada ya mwaka unaokwisha.

Mambo ya kupanga kabla ya kuondoka

Hati. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka kati ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tangu Januari 2014. Kuingia au kutoka Tanzania, pasipoti au hati ya dharura ya safari inahitajika, ingawa raia wa nchi hizo tatu hawalipi viza. Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo masharti yake yaulizwe kando. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja na hati hizo. Mtoto naye anahitaji hati yake. Kumpitisha kwa mazoea siku za sikukuu ni kumtafutia mzazi usumbufu.

Gari. Anayesafiri na gari lake akate bima ya COMESA, maarufu kwa jina la kadi ya njano, kabla ya kufika mpakani. Anayeingia Rwanda akumbuke kuwa huko magari hupita kulia. Kuendesha usiku wa mkesha, wakati madereva wengi wamelewa, ni hatari ambayo haina faida yoyote. Ni heri kufika mchana wa tarehe 31 na kutoondoka hadi tarehe 1 jua likiwa juu.

Mifuko. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Aliyezoea kufungasha kila kitu kwenye rambo abebe kikapu.

Fedha. Hoteli nyingi hupandisha bei wiki ya mwisho ya mwaka, na baadhi huwa na bei mbili, ya mgeni kutoka mbali na ya mwenyeji wa Afrika Mashariki. Hifadhi za taifa za Kenya, Uganda na Tanzania nazo zina viwango vya chini kwa raia wa Jumuiya, lakini anayetaka kiwango hicho lazima aonyeshe kitambulisho. Kubadilisha fedha kufanywe kwenye maduka yenye leseni, kabla ya sikukuu, kwa kuwa wakala wa simu wa kijijini anaweza kuishiwa fedha taslimu siku hiyo hiyo mteja anapozihitaji.

Mtaji. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mkupuo wa fedha za Desemba hudanganya macho, na wapo walioingia Januari na picha nzuri za ufukweni huku wamekosa fedha za kununua mzigo wa kwanza. Utaratibu unaofaa ni kutenga kwanza ada, kodi na mtaji wa safari inayofuata, kisha kutazama kilichobaki. Kikitosha usiku mmoja, uwe usiku mmoja. Wanaochangia katika vikundi vya kuweka na kukopa wanaweza kwenda pamoja, wakakodi gari moja na kupika wenyewe, gharama ikagawanyika.

Anayenunua kahawa, vyungu au matunda ya kuuza atakaporudi, bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupita kwa utaratibu rahisi wa forodha bila ushuru. Maelezo yake hupatikana kwenye dawati la habari za biashara mpakani, na ni bora kuyauliza wakati wa kwenda kuliko kubishana wakati wa kurudi.

Januari 2, madirisha ya Holili, Malaba, Katuna na Kasumulu yatakuwa na foleni tena, na watakaosimama humo watakuwa wale wale, na magunia yale yale. Tofauti ni kwamba baadhi yao watakuwa wamelala usiku mmoja mahali ambapo hakuna aliyewauliza wamebeba nini.